Kula, Mke Mwenzangu

Shemeji yangu wanamwita Ndoo. Si kwa umbo, maana yeye ni mrefu na mwembamba, ukimwona kwa mbali utadhani mtu ameegemeza ufagio ukutani akausahau. Wanamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuonekana akitembea mikono mitupu. Kushoto ndoo ya maji, kulia ndoo ya nafaka, na katikati mtu asiyesema. Siku dada yangu alipomleta nyumbani kumtambulisha, baba alimuuliza maswali chungu nzima na yeye akajibu "ndiyo" kwa yote, hata lile la kazi yako ni nini. Baba akamgeukia dada, akamwambia, "Mwanangu, na huyu utaongea naye lini?" Dada akacheka, akasema maneno anayo yeye, yanawatosha wote wawili.

Na kweli yaliwatosha. Dada alikuwa na mdomo, na mimi ninao, tumeurithi kwa mama, ambaye alikuwa akiugua homa hatumjulii hali kwa kumtazama, tunamjulia kwa kumsikiliza. Akinyamaza ndiyo tunaita daktari.

Ndoo anafanya kazi kwenye mabanda ya farasi nyuma ya mtaa wetu. Farasi wenyewe si wake, ni wa mtu mwenye uwezo, na huja watu mwisho wa juma kupanda, pamoja na watoto wanaofundishwa kukaa sawasawa wasianguke. Alianza kama mfagia samadi. Akajifunza kupiga brashi, kukagua kwato, kujua farasi anayechechemea hata kabla hajachechemea, mpaka wakamwachia kazi ya kulisha, na hiyo ndiyo ameishia nayo. Yeye na dada walipewa chumba mwishoni mwa mabanda. Ukuta wao mmoja ulikuwa ni ukuta wa kizimba cha Bi Mkubwa, na usipowasha redio unamsikia akitafuna.

Bi Mkubwa ni farasi jike, wa kahawia, ana doa jeupe kwenye paji. Ndoo alimlea tangu akiwa mtoto anayejikwaa kwa miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo dada alipoolewa na kuletwa pale alikuta jike mwingine yuko tayari, anamnusa shemeji yangu mifukoni kila asubuhi. Dada akasema sawa, kama ni hivyo huyu ndiye Bi Mkubwa na mimi ni Bi Mdogo, na jina likakaa. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Shayiri na pumba za ngano, anatia maji ya uvuguvugu, anakoroga kwa mkono, anamimina kwenye hori, anasema, "Kula, mke mwenzangu. Ukikonda watasema nimekuroga." Asubuhi hivyo, jioni hivyo, miaka nenda miaka rudi. Hata dawa ya minyoo, ambayo Bi Mkubwa alikuwa akiitema usoni kwa daktari, dada akiichanganya na kusema maneno yake, inaliwa.

Dada alifariki kabla ya mvua zilizopita. Aliugua muda mfupi, na mimi sitaki kulizungusha jambo hilo. Alikuwepo, halafu hakuwepo.

Sasa niseme dukuduku langu. Tangu tumzike dada, Ndoo hakunisemesha. Najua mtasema mbona tangu zamani hasemi. Hapana, kuna kunyamaza na kunyamaza. Zamani siku yake ya mapumziko walikuwa wanakuja kwangu wote wawili. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani dirishani, vitambaa juu ya kitanda, na mtu akija usiku sijui ningemlaza wapi. Ndoo alikuwa akikaa kwenye kigoda karibu na mlango, anaweka mafuta kwenye cherehani, anakaza mkanda, huku mimi na dada tukichambua mtaa mzima nyumba kwa nyumba. Alikuwa hasemi, lakini yupo. Mara mojamoja tukinyamaza kupumua, anauliza, "Halafu?" Basi tunaanza upya.

Wiki ile baada ya mazishi nilimwona ng'ambo ya uzio, nikamwita, "Shemeji." Mtu aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Ndoo moja ikamwagika, akaingia bandani bila kugeuka. Nikasema ni msiba, mwache. Nikamwita siku nyingine, ikawa vilevile. Nikapika, nikamtuma mlinzi wa getini ampelekee, bakuli likarudi limeoshwa likang'aa, bila hata neno. Nikapika tena, bakuli likarudi safi zaidi. Basi na mimi nina roho. Nikasema, kumbe ulikuwa unakuja hapa kwa ajili ya mkeo tu, na mkeo ameondoka, basi na undugu umeondoka. Nikanuna. Na mimi nikinuna hujui nitaacha lini.

Kuna jambo moja ambalo mnapaswa kulijua. Mimi na dada tulikuwa na sauti moja. Sura hapana, yeye alichukua kwa baba, lakini sauti ukifumba macho hutofautishi. Kwenye simu hata mama alikuwa akianza kwa kuuliza, "Ni wewe au ni mwenzako?" Binti yake dada anaishi mbali na hapa, na yeye alinipigia siku chache baada ya matanga. Nikapokea, nikasema, "Haloo, mwanangu." Upande wa pili nikasikia kwikwi, halafu simu ikakatika. Baadaye ukaja ujumbe: Mama mdogo, nisamehe, nitakuwa nakuandikia, kwenye simu siwezi. Nikamjibu haidhuru, mwanangu. Lakini iliniuma. Nilizaliwa na sauti hii, sikuiazima mahali, na sasa mtoto niliyembeba mgongoni haiwezi.

Kwa binti nilielewa. Kwa Ndoo sikuwaza hata kidogo, maana nilimwona ni mwanaume mzima aliyeamua kunichunia. Nikawa nakaa na cherehani yangu. Redio naiwasha asubuhi ili kuwe na mtu anayezungumza. Ziko siku jua linazama ndipo nakumbuka kwamba tangu kuamka sijasema kitu zaidi ya kumwambia mteja aje kesho.

Habari za mabandani nilizipata kwa mlinzi, ambaye suruali zake zinachanika kila mara sehemu ileile na sijamuuliza kwa nini. Ndiye aliyeniambia kwamba shayiri haiji tena. Msimamizi amewatangazia kuwa aliyekuwa akiwaletea ameacha biashara hiyo, na kuanzia sasa farasi watakula chakula cha kiwandani, vidonge vya nafaka zilizosagwa na kushindiliwa pamoja, kila kitu kimo ndani. Ndoo akaenda stoo kuangalia shayiri iliyobaki.

Hapo hata mimi najua, kwa kumsikiliza dada. Tumbo la farasi si la kuchezea. Ukimbadilishia chakula ghafla anapata msokoto wa tumbo, anagaagaa chini, na anaweza kukufia mbele ya macho yako. Kwa hiyo unakwenda naye polepole, kama unavyomwachisha mtoto ziwa. Leo shayiri tele na vidonge kiganjani, baada ya siku kadhaa viganja viwili, unapunguza huku unaongeza huku, mpaka siku moja anakula kipya na hana habari kwamba cha zamani kimekwisha. Ndoo alifanya hivyo banda kwa banda. Farasi wote walikubali. Yuko mmoja kijana, mlafi, yeye angekula na ndoo yenyewe.

Bi Mkubwa akakataa. Ana midomo inayochambua kama vidole vya fundi, akawa anaokota shayiri punje kwa punje, na vidonge vyote anaviacha ndani ya hori. Shayiri ilivyopungua na yeye akapunguza kula. Shayiri tangu dada afariki alikuwa anaila bila kuambiwa, taratibu, kwa sababu aliijua. Lakini hiki ni kigeni, na aliyekuwa akimwambia kwamba kitu kigeni kinalika hayupo. Shayiri ilipokwisha kabisa akawa anasimama, kichwa juu ya hori, anautazama mlango. Nyasi kavu anazigusa kidogo. Mbavu zikaanza kuhesabika.

Daktari wa mifugo akaja, akamfungua kinywa, akamsikiliza tumbo, akasema meno mazima, tumbo zima, ugonjwa hakuna. Basi msimamizi akamwambia Ndoo, tena kwa upole, maana si mtu mbaya: mwenye farasi amesema asipokula mpaka mwisho wa mwezi ataondolewa. Kila mtu mahali pale anajua farasi mzee asiyebeba mtu akiondolewa anapelekwa wapi. Hakuna malisho yanayomsubiri.

Ndoo akajaribu kila kitu. Akaweka molasi, Bi Mkubwa akalamba molasi akaacha vidonge. Akaviloweka. Akaviponda kwa jiwe vikawa unga. Akamlisha kwa kiganja, akipiga magoti kwenye majani. Wapi. Mlinzi alikuwa akinisimulia, na mimi napiga cherehani kwa kasi ili asione kwamba nasikiliza.

Halafu asubuhi moja akaja mbio, anacheka mpaka analia. "Mama Cherehani, njoo umwone shemeji yako, amevaa aproni ya kike."

Nikaenda hadi kwenye uzio. Kweli alikuwa ameivaa, ile ya dada ya bluu yenye mfuko mkubwa mbele, nilimshonea mimi. Ilimfika juu ya magoti. Amesimama mbele ya kizimba na ndoo yake, wafagiaji wameegemea majembe wanacheka chinichini, na yeye hawaoni. Bi Mkubwa akanyoosha shingo, akamnusa kifuani, akashuka nayo mpaka kwenye pindo, akanusa mfukoni. Halafu akarudisha kichwa, akautazama mlango. Ndipo nikaona kwamba aproni ilikuwa na mikunjo ya pasi. Mtu huyu alitaka kumpelekea farasi harufu ya marehemu, na kwanza akaifua. Akaisuuza, akaianika, akaipiga pasi, kwa sababu dada hakuwahi kumruhusu avae nguo isiyofuliwa.

Nilianza kucheka na sikumaliza. Nilishika uzio nikalia kwa hasira. Nilitaka kumpigia kelele nimwambie mjinga wewe, sabuni ya nini, na nilijua nikifungua mdomo tu atakimbia kama kawaida yake. Nikarudi nyumbani kimya, jambo ambalo si la kwangu.

Siku ya pili mchana nikasikia hodi. Ndoo amesimama mlangoni na ndoo zake mbili, tupu zote. Sijui kwa nini alizibeba, nadhani mikono ingemsumbua. Nilikuwa nimenuna bado, nikamwonyesha kigoda kwa kidevu. Akakaa, akaitazama cherehani, akachukua kichupa cha mafuta akaanza kutia penye mkanda, kama zamani. Mimi kimya. Yeye kimya. Angepita mtu asingeamini.

"Bi Mkubwa hali," akaiambia cherehani.

Nikatikisa kichwa kwamba najua.

"Watamchukua." Akafuta mafuta yaliyomwagika kwa kidole. "Anamsubiri mwenzake amwambie ale. Nimejaribu kumwambia mimi, haijui sauti yangu, sijawahi kumsemesha sana." Akatia tone jingine penye mkanda. "Wewe unayo."

"Ninayo nini?" nikamuuliza.

Akafumba macho. Mkono ukasimama juu ya mkanda, kichupa kimeinama, mafuta yanadondoka sakafuni na yeye hana habari. Ndipo nilipoelewa miezi yote ile, mabakuli yale, ile ndoo iliyomwagika. Hakuwa amenichunia. Alikuwa anakimbia sauti ya mke wake inayotoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Nilipaswa kumhurumia, na nilimhurumia, lakini nisitie chumvi, hasira nayo ilikuwepo. Na mimi je? Mimi nimefiwa na nani?

Nikajifunga kitambaa kichwani, nikaenda.

Alichanganya mwenyewe, akanikabidhi ndoo. Vidonge vilikuwa vimevimba kwa maji ya uvuguvugu, vizito kama uji uliopoa. Nikaingiza mkono nikakoroga, nikamimina. Nilipogeuka sikumwona, alikuwa ameshakwenda nyuma ya ukuta wa stoo. Bi Mkubwa alikuwa anautazama mlango juu ya bega langu.

"Kula, mke mwenzangu," nikasema. "Ukikonda watasema nimekuroga."

Masikio yakageuka yote mawili. Akanitazama, na nina hakika aliona kwamba si yeye, mnyama humdanganyi hivyo. Lakini akapumua kwa nguvu, pumzi ikapuliza vumbi la ukingo wa hori, akainamisha kichwa. Akala kidogo, akasimama, nikasema tena, akala. Nyuma ya ukuta nikasikia mtu anapenga kamasi.

Nikawa naenda asubuhi na jioni. Nakoroga, namimina, nasema maneno ya dada, naondoka. Yeye wakati huo yuko nyuma ya ukuta, siku zote. Mbavu zikajifunika. Mwezi ukaisha, lori la kumchukua halikuja, msimamizi akanipa mkono akaniita mganga. Wafagiaji wakacheka. Na mimi nikarudi chumbani kwangu nikawasha redio.

Mtu angesema nimshukuru Mungu, farasi amepona. Lakini fikirini. Farasi anakula kwa sauti ya marehemu, mwanaume anasikiliza sauti ya marehemu, na mimi niliye hai nimesimama katikati kama simu. Siku moja baada ya yale maneno niliugeukia ukuta wa stoo nikaongeza langu: "Shemeji, umeamkaje?" Nikasikia hatua zinaondoka haraka. Sikurudia. Upweke wa kuwa peke yako nyumbani nilikuwa nimeuzoea, huu wa kuwa peke yangu mbele ya watu sikuwa nimeujua.

Halafu nikashikwa na mafua. Mafua ya kunilaza kabisa, na sauti ikaondoka yote. Nikamtuma mlinzi akaseme siendi. Nikajifunika, nikawa nawaza Bi Mkubwa amesimama na njaa anautazama mlango, na kuwaza huko, mtanisamehe, kulinipa faraja.

Mlinzi akaja kufuata suruali yake. "Usiwe na wasiwasi," akasema. "Bi Mkubwa jana kala peke yake, kalamba hori mpaka mbao. Ameshakizoea chakula."

Nikamwambia vizuri, kwa mnong'ono. Alipoondoka nikageukia ukuta. Mazoea yana taabu. Nilizoea kuamka mapema kwa sababu kuna mahali nasubiriwa, hata kama anayesubiriwa siyo mimi hasa, na sasa hata huko sihitajiki. Shukrani ya punda ni mateke, na farasi ni ndugu yake. Nililia, nikatoa kamasi zangu na za mafua, nikalala.

Homa iliposhuka sauti ilikuwa bado mbovu, inakwaruza kama kijiko chini ya sufuria iliyoungua. Asubuhi nikasikia hodi. Ndoo.

"Bi Mkubwa hajala," akasema.

"Sauti sina," nikamjibu, na hata mimi sikuitambua. Nilimtazama kama atashtuka. Hakushtuka.

"Njoo hivyohivyo."

Nikavaa sweta, nikamfuata. Kizimbani nikachungulia hori. Ilikuwa imelowa na tupu, mbao zinang'aa kwa kulambwa. Bi Mkubwa alikuwa amesimama na makombo ya vidonge kwenye ndevu zake, anamalizia kutafuna. Nikamgeukia Ndoo. Alikuwa anaitazama ile hori kama kitu alichokiona leo kwa mara ya kwanza. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema uongo, na sasa nilielewa ni kwa nini. Hajui hata kumfuta farasi mdomo.

Sikumuuliza. Akaipindua ndoo moja, akaifuta kitako kwa mkono wa shati, akaisogeza karibu yangu. Akaipindua ya pili, akakaa hapohapo. Hakwenda nyuma ya ukuta.

Yale maneno ya dada sikuyasema. Kwa sauti ile yasingekuwa yake, na farasi alikuwa ameshiba. Nikasema yangu. Nikamweleza mafua yalivyonianza miguuni, nikamweleza paa langu linavyovuja juu ya cherehani na mwenye nyumba anavyokausha nikimwambia, na suruali ya mlinzi inayochanika palepale. Nilizungumza kwa kukwaruza mpaka koo likauma, halafu nikanyamaza nipumue. Bi Mkubwa akapiga kwato moja sakafuni. Nikasubiri shemeji ainuke achukue ndoo zake, maana kazi zilikuwa zinamngoja.

"Halafu?" akasema Ndoo.

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu tumzike dada.